Mbao za Ubavu wa Kushoto

Nimestaafu katika umri ambao wengine wangali wanaomba kazi. Macho hayajakataa, lakini vumbi la mbao limekaa kifuani, na daktari amenishauri nichague kati ya msasa na pumzi. Nimechagua pumzi, bila furaha kubwa. Nyinyi mnaobaki kwenye benchi za karakana ya Lubao mliniomba niandike namna ya kupanga mbao kwenye ubavu wa mashua ya mfano, kwa sababu mmechoka kuniuliza kwa simu, nami nimechoka kujibu. Nitaeleza mashua moja tu, ya kwanza. Zilizofuata, za vyuo, za mapokezi ya hoteli na za watu waliotaka kitu cha kuweka juu ya kabati la televisheni, zilikuwa kazi njema, lakini hazikunifunza jambo kubwa ambalo ile ya kwanza haikuwa imenifunza tayari.

Kabla ya mashua nilitengeneza majeneza. Duka letu lilikuwa mjini Kakamega, katika safu ya maduka ya aina hiyo karibu na hospitali. Jeneza zuri lina mabega, yaani ubao wa ubavuni hupinda pale linapopanuka na kurudi kupungua kuelekea miguuni. Ubao wa inchi moja haupindi kwa kuombwa. Kwa hiyo fundi huukata kwa msumeno upande wa ndani, mikato kadhaa iliyokaribiana, isiyofika upande wa pili. Humwagia maji ya moto hapo penye mikato, na ubao hujikunja wenyewe. Kwa nje unaonekana mzima. Kwa ndani unafunikwa kwa satini nyeupe, na sijaona mwombolezaji aliyefunua satini ili akague msumeno. Niliifanya kazi hiyo miaka mingi na nikasifiwa kwa mabega yangu.

Mwenye duka alipouza kiwanja chake, nilianza kuzunguka nikitafuta benchi nyingine. Siku moja nilikwenda Lubao, na nyuma ya soko la ng'ombe nikaona mlango ulio wazi na mashua ndogo imening'inizwa juu yake kwa waya. Ndani alikaa mtu mfupi mwenye kofia nyeupe, akikwaruza kipande cha mbao kwa kigae cha chupa.

"Assalamu alaikum," nikamsalimia, kwa kuwa niliiona kofia.

"Waalaikum salaam. Wewe ni Mwislamu?"

"Hapana."

"Basi umeisalimia kofia. Mimi mwenyewe ninaitwa Rajabu. Unatafuta nini?"

"Kazi. Nimekuwa nikitengeneza majeneza."

Aliacha kukwaruza, akanitazama mikono.

"Jeneza linaenda chini mara moja, na watu wanafurahi likikaa huko. Hiki changu kinatakiwa kirudi juu kila siku. Utaweza?"

"Nitajifunza."

"Kesho njoo na chakula chako. Mimi sipikiangi mtu."

Fundi Rajabu alikuwa mtu wa Matungu. Ujana wake ulipitia karakana za bandarini Kisumu, na huko ndiko alikojifunza kuunda mifano ya mashua na ndiko msumeno wa umeme ulikomharibia kidole gumba cha mkono wa kulia. Kidole kilibaki lakini hakikunji. Aliweza kuchora, kupima na kukata mbavu za mashua vizuri kuliko mtu yeyote niliyemjua, ila kupanga mbao kulimshinda. Ubao mwembamba unapolazwa juu ya mbavu, lazima gumba liubane mahali pake huku mkono wa pili ukipigilia pini. Asiye na gumba anahitaji mtu. Ndiyo maana aliniajiri, wala hakunificha. Tangu siku hiyo aliniita Fundi Jeneza, hata mbele ya wateja.

Majuma ya kwanza hakunipa mashua. Alinipa jiwe la kunolea na randa. Baadaye akanipa magogo ya lusiola, ule mti ambao kila boma la huku huupanda mpakani, nikajifunza kuupasua na kuuranda mpaka ubao ukawa na unene wa kadi ya harusi. Usiku nilisoma. Kwa muuza vitabu vya mitumba mjini nilikuwa nimepata kitabu cha uundaji wa vyombo vya majini, bila jalada, na kurasa za mwisho hazimo. Humo nilijifunza kwamba mti mrefu wa chini unaoshika mashua yote huitwa mkuku, na mbavu zake huitwa mataruma. Nilipoyatumia maneno hayo karakanani, Rajabu alicheka mpaka akakohoa.

"Mgongo na mbavu," akasema. "Ng'ombe wote hapo sokoni wanazo, na mashua inazo. Hayo mataruma yako yarudishe pwani, hapa yatapata baridi."

Kwa hiyo hapa ninaandika mgongo na mbavu.

Wandera alikuja wakati mvua za mchana zilikuwa zimeanza. Alikuwa mwembamba, amevaa koti zito lililotoa harufu ya samaki, na alisimama mlangoni mpaka alipoambiwa aingie.

"Mulembe," akasema.

"Mulembe sana. Kaa hapo, kiti hicho ni kizima," Rajabu akamjibu.

Hakukaa. "Mimi ni muundaji wa mashua, kule ziwani, upande wa Budalang'i. Mashua yangu imeua mtu. Ama wanasema imeua."

Alitueleza polepole. Mteja wake alikuwa ametaka mashua ndefu kuliko zile alizozoea kuunda. Akaiunda. Siku moja ilitoka kisiwani na abiria na magunia ya mahindi, ikalala upande wa kushoto, ikapinduka. Watu wote waliokolewa isipokuwa nahodha, kijana aliyeitwa Okumu. Mwenye mashua alisema Wandera aliiunda ikiwa imepinda, kwamba tangu siku ya kwanza ilikuwa inaegemea kushoto. Baadhi ya abiria waliunga mkono. Wengine walisema ni mzigo.

"Na mashua yenyewe iko wapi?" Rajabu akauliza.

"Mawimbi yaliivunjia kwa mawe. Mbao zilizobaki watu wamepikia."

"Hakuna nyingine kama hiyo?"

"Ndefu hivyo niliunda hiyo moja tu. Kamati ya ufuo imesema nilete mfano wake, inchi kwa futi, wauone majini kwa macho yao. Ukilala kushoto, nisishike tena tezo pale ufuoni. Na mimi sijui kazi nyingine, Fundi. Nimeanza hii nikiwa sijaota ndevu."

"Utawapelekea lini?"

"Hawataki niubebe mimi. Wanasema nitauchezea njiani. Watakuja wenyewe hapa, wautoe benchini na kuutia majini." Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kamba ya katani yenye mafundo. "Vipimo vyote viko hapa. Sikuandikanga. Fundo hili ni upana wa katikati, hili ni mahali mbavu zinaanza kupungua."

Rajabu aliipokea kamba ile kwa mikono miwili. Alimketisha Wandera na kumuuliza fundo moja baada ya jingine, huku akichora. Mchana ule wote sikumsikia akifanya utani.

Alikata mbavu mwenyewe. Tuliukaza mgongo pamoja na mbavu zake kwenye ubao wa kujengea, mashua ikiwa kifudifudi, mgongo juu. Akanionyesha jinsi ya kusawazisha mbavu kwa msasa uliogundishwa kwenye ufito mrefu, ili ufito uguse mbavu tatu kwa wakati mmoja. Ukisugua ubavu mmoja mmoja, kila mmoja utakuwa mzuri peke yake na mashua itakuwa mbaya. Kisha akanionyesha jambo ambalo kila anayeanza hulidharau. Unakata utepe wa karatasi, unauzungusha juu ya ubavu wa katikati kutoka ukingo wa juu hadi mgongoni, na unaugawa kwa idadi ya mbao. Unafanya vivyo hivyo kwenye ubavu wa mbele kabisa, na unaona kwamba nafasi huko ni ndogo, karibu nusu. Maana yake, kila ubao lazima uchongwe kuwa mwembamba kuelekea ncha zake. Tumbo la mashua ni pana, pua yake ni nyembamba, lakini idadi ya mbao ni ile ile. Usipopunguza ncha, mbao za mbele zitapandana kama watu kwenye foleni ya maji.

Hapo ndipo msiba ulipotokea Matungu. Shangazi yake Rajabu alifariki, na ilimbidi aende na akae na jamaa siku kadhaa. Alipokuwa akifunga mfuko wake, alinipa maagizo.

"Weka ubao wa kwanza ukingoni, kushoto, halafu kulia. Weka ule wa mgongoni, kushoto, halafu kulia. Kisha uningoje."

"Na nikimaliza mapema?"

"Fagia. Ukimaliza kufagia, fagia tena. Lubao kuna vumbi ya kutosha."

Niliweka mbao hizo nne kama alivyosema. Nilifagia. Kisha nikaitazama mashua ile, nikamfikiria Wandera anarudi na kukuta mifupa mitupu huku kamati ikikaribia kuja. Sikuwa na haraka ya kujionyesha. Nilikuwa na hofu ya kuchelewa, na kwangu mambo hayo mawili yalileta kazi ile ile. Nikaanza na ubavu wa kushoto, kwa sababu ndio uliokuwa karibu na dirisha. Katikati ya mashua mbao zilikaa bila shida. Nilipofika mbele, kwenye pua, ubao ulikataa. Niliulowesha, ukapinda kidogo, kisha ukaruka na pini zake. Nikaulowesha tena. Ukavunjika.

Mtu mwingine angesimama hapo. Mimi nilikuwa na dawa ya ubao usiotaka kupinda, tena dawa niliyoiamini kwa miaka. Nilichukua msumeno mwembamba kabisa nikakata upande wa ndani, mikato midogo iliyokaribiana, isiyofika nje. Ubao ulilala juu ya pua kama nguo. Nikafanya hivyo kwa wa pili, na wa tatu, na mbao zote za kushoto, kwa pua na kwa nyuma. Nikasugua msasa. Ubavu uling'aa. Kwa ndani kungefunikwa na viti na sakafu, na nani angetazama?

Ubavu wa kulia ulinisumbua. Mbao zilizokuwa zimepimwa vizuri kwenye karatasi hazikutosha tena; nyingine zilibaki na mwanya, nyingine zilizidi. Nilidhani zimekauka vibaya. Nilizilazimisha kwa gundi na vibanio vya nguo, nikamaliza.

Rajabu alirudi siku ile ile Wandera alipokuja kutazama. Aliikuta mashua imefungwa mbao pande zote, akanitazama mimi, kisha akaitazama tena mashua.

"Ufagio ulipotea?" akauliza.

Wandera ndiye aliyeomba itiwe majini. Nyuma ya karakana kulikuwa na hodhi la saruji ambalo Rajabu alilijenga kwa majaribio. Niliiweka mashua juu ya maji taratibu, nikaondoa mikono. Ilisimama kitambo. Kisha ikainama kushoto, ikabaki hapo, kama mtu anayesikiliza ukutani.

Wandera aliutoa mkono wake mfukoni, akaugusa ukingo wa mashua, akaunyanyua. Alipouachia, ulirudi kushoto.

"Hivyo ndivyo wanasemanga ililala," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Basi labda ni kweli. Labda niliiunda hivi."

Hilo ndilo lililonishika. Mtu yule alikuwa ameunda mashua maisha yake yote, na kazi yangu mbovu ilikuwa imemfanya asiamini mikono yake mwenyewe.

Rajabu aliitoa mashua majini, akaifuta, akaibeba hadi mlangoni penye mwanga. Aliifumbia jicho moja kuanzia nyuma hadi mbele, akiutazama mgongo kama mtu anayekagua kama ufito umenyooka. Kisha akaingiza ukucha ndani, akaupitisha kwenye mbao za kushoto. Tulisikia mlio wa ukucha ukiruka mkato hadi mkato.

"Na satini umeweka wapi?" akaniuliza.

Hakungoja jibu, akamgeukia Wandera.

"Wandera, njoo uone. Hii si mashua yako, hii ni ya Fundi Jeneza. Tazama mgongo. Amefunga kushoto kote kabla ya kulia, na kila ubao umevuta upande wake. Mgongo umekuwa upinde. Na kushoto kote amekata kata ndani. Maji yameingia katika kila mkato, mbao zimekunywa, zimekuwa nzito upande mmoja. Kisha tazama pua." Akaipitisha mashua kwenye mwanga. Pua ya kushoto, niliyodhani ni laini, ilikuwa na pembe pembe. Kila mkato ulipinda peke yake, na katikati yake ubao ulibaki bapa. "Bega la jeneza linaruhusiwa kuwa na kona. Maji hayapendi kona."

"Wakija kesho?" Wandera akauliza.

"Wakija kesho watangoja. Kaa ule, umetoka mbali."

Usidhani kulikuwa na fahari yoyote katika kazi iliyofuata. Kubandua mbao ni kazi ya kuchosha kuliko kuzibandika. Nililaza vitambaa vya maji moto juu ya gundi, nikangoja, nikaingiza kisu bapa, nikabandua, nikangoja tena. Mbavu zilinusurika. Mgongo tuliulowesha, tukaukaza upya kwenye ubao wa kujengea, tukauacha ukauke ukiwa umenyooka. Kisha nikaanza upya, Rajabu akiwa ameketi karibu na gumba lake bovu mapajani.

Andikeni haya mahali mtakapoyaona. Ubao mmoja kushoto, mmoja kulia, kila siku hivyo hivyo, hata kama upande mmoja unaenda vizuri na mwingine unakusumbua. Ncha za ubao zilowekwe katika kipande cha bomba kilichozibwa chini na kujazwa maji ya moto, na zikae humo hata baada ya wewe kuchoka kungoja. Zipindwe kwa mkono, polepole, juu ya kitu cha mviringo. Sisi tulitumia birika. Zifungwe kwenye mbavu bila gundi mpaka zikauke na zikubali umbo lile. Gundi ni ya siku inayofuata, tena asubuhi, kwa sababu hapa kwetu mchana mvua hunyesha na hewa hulowa, na ubao uliogundishwa ukiwa umevimba utafunguka kiangazi. Ubao ukikataa, usiulazimishe. Kuna mahali umepima vibaya. Rudi kwenye utepe wa karatasi.

Gumba langu lilivimba. Mgongo ukaniuma mpaka nikawa nakula nimesimama. Rajabu hakunisifu hata mara moja, ila siku moja aliacha kuniangalia, akalala usingizi kitini. Nililichukua hilo kama cheti.

Mashua ilipokamilika na kupakwa mafuta, Rajabu alisema kamati haitaridhika kuiona ikiwa tupu. Watataka kuona mzigo. Hapo kitabu changu kisicho na jalada kilinisaidia kidogo. Mfano ulikuwa mdogo mara kumi na mbili kwa urefu, na pia kwa upana, na pia kwa kina. Kwa hiyo uzito unagawanywa kwa kumi na mbili, halafu tena, halafu tena. Gunia la kilo tisini linakuwa gramu hamsini na kidogo. Mtu mzima anakuwa gramu arobaini. Mizani ya dukani haioni uzito huo. Nilikwenda Ikolomani, kwa rafiki anayenunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, nikaazima mizani yake. Alicheka kuniona napima mchanga wa mto kwenye sahani ya dhahabu. Nilishona vifuko kwa plastiki ya pakiti za maziwa, nikaviziba kwa moto wa mshumaa ili visiingie maji. Vya magunia niliviacha vyeupe. Vya watu nilivitia rangi ya bluu, na kimoja chekundu, cha nahodha.

Walikuja kwa gari la kukodi, wamebanana. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu mzito mwenye sauti ya kuzoea upepo. Pamoja naye walikuwa wazee wawili wa ufuo, mwanamke mfanyabiashara wa mahindi ambaye alikuwa ndani ya mashua siku ile, na mama mmoja mwenye leso nyeusi ambaye hakutusalimia. Wandera alinong'ona kwamba huyo ni mama yake Okumu. Wandera mwenyewe alijibanza karibu na mlango.

"Tuitoe sisi," mwenyekiti akasema.

Waliitoa wao. Wazee waliugusa mgongo, wakaangalia ndani kwa tochi, wakabishana kwa lugha yao. Kisha mwenyekiti akaitia hodhini na kuiachia. Ilisimama wima. Aliusukuma ukingo wa kushoto kwa kidole, ikainama, ikarudi. Akausukuma wa kulia, ikarudi. Nilisikia Wandera akitoa pumzi nyuma yangu.

"Mzigo," mwenyekiti akasema.

Nilipanga vifuko vyeupe chini, juu ya mgongo, kama inavyotakiwa. Vifuko vya bluu juu ya viti, na chekundu nyuma, nikiwaeleza kwamba hicho ni nahodha. Mashua ilizama zaidi lakini ilisimama, na iliposukumwa ilirudi.

"Haikuwa hivyo," mwanamke wa mahindi akasema. Alikuwa akitazama maji, si sisi. "Chini kulijaa mapema. Mengine yaliwekwa juu, na watu wakakaa juu ya magunia."

"Nionyeshe," nikamwambia.

Alinionyesha kwa mkono, nami nikapanga. Vifuko vyeupe sasa vilipita kimo cha ukingo, na vya bluu vikakaa juu yake. Mashua bado ilisimama. Mwenyekiti aliigusa kushoto kwa kidole kile kile. Iliinama, haikurudi, ikapinduka. Vifuko vilitawanyika chini ya hodhi, na chekundu kikaangukia kona.

Mwenyekiti alijipangusa kidole kwenye suruali. "Mashua haina kosa," akasema. "Wandera, tumeona sote. Utaendelea na kazi yako."

Wandera hakusogea. Alikuwa anamtazama mama Okumu, naye mama alikuwa amekaribia hodhi.

"Nani aliruhusu magunia yapande juu?" akauliza.

Mwanamke wa mahindi ndiye aliyejibu.

"Okumu alisema imetosha, mama. Sisi ndio tulimwambia, wewe Okumu, unatuachia mahindi huku yaoze? Tukamcheka, tukasema anaogopa maji. Akanyamaza. Akawasha injini."

Mama alikubali kwa kichwa, kana kwamba ameambiwa bei ya kitu. Kisha akanigeukia.

"Baba, rudisha kama ilivyokuwa. Na yeye mrudishe."

Niliviokota vifuko vyote, nikavifuta, nikavipanga tena. Chekundu nilikiweka nyuma, penye injini. Mama alinyoosha mkono akaondoa kifuko kimoja cheupe kutoka juu.

"Sukuma."

Nilisukuma. Ikapinduka.

Nikaipanga tena. Ilichukua muda, na hakuna aliyelalamika. Aliondoa viwili. "Sukuma." Ikainama, ikasita, ikapinduka. Nikaipanga tena, mikono yangu imekunjamana kwa maji. Aliondoa vitatu, akavishika. "Sukuma."

Iliinama kushoto mpaka maji yakafika ukingoni. Ikakaa hapo. Kisha ikainuka, polepole, ikasimama, na kifuko chekundu kikiwa mahali pake.

Mama alifungua kiganja chake akavitazama vifuko vile vitatu vya plastiki ya maziwa.

"Ni hizi tu?" akauliza.

"Ni hizo tu, mama," nikasema.

Mwanamke wa mahindi alikaa chini, pale pale kwenye matope. Mama Okumu hakumtazama. Alivifunga vifuko vitatu katika ncha ya leso yake, fundo gumu, na hakumwomba mtu ruhusa. Wandera alivua kofia yake akamsindikiza hadi kwenye gari, hatua moja nyuma yake, na aliporudi alikuwa bado hajaivaa.

Walipoondoka mvua ilikuwa imeanza. Rajabu alinitupia kitambaa kikavu. Mashua ikitoka majini hufutwa ndani kwanza, ubavu mmoja mmoja, kabla ya nje. Niliifuta.